Anayelalamika Kabwe Anajibiwa na Nani?

Kabwe ni mwalo na bandari ya wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, kule chini ambako nyanda za juu za Ufipa zinateremka hadi Ziwa Tanganyika; ng'ambo ya maji ni Kongo. Mkazi wa hapo akionewa na ofisi ya umma ana ngazi za kupanda, na kila ngazi ina nauli yake. Watendaji wa kijiji na kata wako karibu, mkuu wa wilaya yuko Namanyere, mkuu wa mkoa na Mahakama Kuu wako Sumbawanga. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo Katiba imeipa kazi ya kupokea malalamiko ya namna hiyo, makao yake makuu ni Dodoma, na kwa miaka mingi matawi yake yalikuwa Mwanza, Lindi na Zanzibar. Chora mstari wa kuunganisha miji hiyo kwenye ramani, utaona Rukwa imebaki nje. Wengi wanaoijadili Tume huishia kwenye neno moja: haina meno. Naona kipimo hicho kimekosewa. Sheria haikuiunda Tume iume. Iliiunda idai majibu, kwa maandishi na ndani ya muda, kutoka kwa wakubwa wasiopenda kuulizwa. Tukiipima kwa hilo tutagundua kwamba upungufu wake mkubwa ni umbali: umbali kati yake na mlalamikaji, kati ya uchunguzi na kuchapishwa kwake, na kati ya pendekezo na jibu.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1965, wakati nchi inaingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja, ilionekana kwamba wananchi wangekosa pa kusemea, na Katiba ya Muda ya mwaka huo ikaweka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Ilianza kazi mwaka 1966, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Ilikuwa na sifa moja ambayo tumeisahau: makamishna wake walizunguka mikoani, wakafanya mikutano ya hadhara na kupokea malalamiko papo hapo, bila ada na bila wakili. Ilikuwa pia na kasoro moja kubwa, kwamba taarifa zake zilikwenda kwa Rais na kukomea huko. Mwananchi alisikilizwa, lakini hakuwa na njia ya kujua kilichoandikwa juu ya shauri lake. Tume ya sasa ilizaliwa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 na Sheria Na. 7 ya 2001, ikarithi kazi za ile ya kwanza na kuongezewa haki za binadamu. Kasoro ya siri ilirekebishwa, angalau kwenye karatasi, kwa sababu taarifa ya mwaka sasa hupelekwa kwa waziri ili iwasilishwe bungeni. Ile sifa ya kuzunguka ndiyo iliyopungua. Tumepata tume yenye mamlaka mapana kuliko ile ya zamani, yenye miguu mizito zaidi.

Upana wa mamlaka hayo unafaa kuelezwa kwa mambo ya kawaida, maana maneno "haki za binadamu" huwafanya watu wafikirie mateso na mauaji tu. Chukua kifungu cha 15 cha Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kinachompa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa mahabusu hadi saa 48. Sheria ilikusudia hatari ya kweli kwa amani ya umma. Watanzania wamewahi kuona uwezo huo ukitumika kwa mtumishi aliyechelewa kikao, au kwa mwananchi aliyejibu kwa ukali kwenye mkutano wa hadhara. Mtu kama huyo akitoka mahabusu siku ya pili, amlalamikie nani? Kwenda kwa mkuu wa wilaya ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Mahakama ipo, lakini itahitaji wakili, siku za kusafiri na kesi ambayo adhabu yake ilikwisha kutumikiwa kabla haijafunguliwa. Tume inaweza kuuliza swali moja tu na kudai jibu lake: hatari iliyowaogopesha ilikuwa ipi? Mtu wa kwanza akijibiwa vizuri, wa pili huenda asikamatwe.

Au chukua ziwa lenyewe. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano na nchi tatu nyingine zinazolizunguka, yaani Burundi, Kongo na Zambia. Hoja ya kitaalamu ilieleweka, na hata mvuvi wa dagaa au migebuka hakatai kwamba ziwa likichoka hakuna atakayekula. Lakini jina la Tume lina sehemu ya pili, utawala bora, na hiyo ndiyo inayohusika zaidi na mialo kama Kabwe na Kirando. Waliozuiwa kuvua walishirikishwa kiasi gani kabla ya uamuzi? Mwenye mkopo wa injini ya boti aliambiwa mapema kiasi cha kupanga marejesho? Mama anayeanika dagaa, ambaye hana boti wala leseni na kwa hiyo hayumo kwenye orodha yoyote, alihesabiwa kama mtu aliyeguswa? Chombo kinachoweza kuuliza haya bila kuipinga serikali wala kuitetea, kisha kikaandika majibu ambayo uamuzi wa mwaka mwingine utaanzia hapo, ni Tume. Mahakama isingeyagusa mengi kati ya hayo, kwa kuwa hakuna sheria iliyovunjwa. Ni maswali ya uungwana wa dola kwa watu wake.

Kuna wanaosema haki hizi ni maneno ya wageni yaliyoletwa na wafadhili. Ufipa ni mahali pazuri pa kuijibu hoja hiyo. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi, na mkoa umebeba sifa hiyo hadi kwenye utani wa mikoa ya mbali. Nyuma ya utani kuna jambo lisilochekesha. Kamchape, wale waganga wanaoingia vijijini kuwafichua wanaodaiwa kuwa wachawi, walikuwapo Ufipa tangu miaka ya 1960, na mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika juu yao mwaka 1968. Ujio wao una utaratibu wake: kijiji huchangishwa, nyumba hupekuliwa, na anayetajwa hudhalilishwa mbele ya majirani. Sheria ya Uchawi ya 1928 inakataza uchawi na inakataza pia kumtaja mtu kuwa mchawi, kwa hiyo kamchape ni kosa hata kama kijiji kizima kimekubali. Lakini nani atakwenda polisi, ikiwa uongozi wa kijiji ndio uliokusanya mchango? Bibi anayetolewa nje ya nyumba yake na kusema hajasikilizwa hajajifunza maneno hayo kwenye semina. Anadai kile ambacho kila mzee wa baraza Ufipani angekidai kama ndiye angesimamishwa pale. Mkoa huo huo umeshuhudia mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Mwaka 2015 mtoto alikatwa kiganja katika wilaya ya Sumbawanga. Polisi hukamata watu baada ya tukio. Kazi ya kuuliza kabla ya tukio, ni familia zipi ziko hatarini na ni kiongozi yupi alipewa taarifa akanyamaza, inahitaji chombo kingine. Katiba haikuifunga Tume kwenye makosa ya maofisa peke yake. Iliipa kazi ya kupokea malalamiko ya uvunjaji wa haki kwa ujumla.

Sasa turudi kwenye meno, kwa sababu msomaji makini atasema: uliza unavyotaka, wakikataa kujibu utafanya nini? Kesi ya Nyamuma ndiyo jibu, na inashangaza jinsi isivyojulikana. Oktoba 2001, wakazi wa Nyamuma wilayani Serengeti, mkoa wa Mara, waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Wanakijiji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipeleka malalamiko mbele ya Tume, wakiwalalamikia mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi wa wilaya na Mwanasheria Mkuu. Tume chini ya Jaji Robert Kisanga ilisikiliza mashahidi, na mwishoni mwa 2004 ikasema haki za watu hao zilivunjwa na wanastahili kufidiwa. Serikali ikakataa. Hapo ndipo wengi wangefunga faili. Lakini kifungu cha 28 cha sheria kinasema kwamba pendekezo lisipofanyiwa kazi ipasavyo, Tume inaweza kufungua shauri mahakamani yenyewe, au kumshauri mtu mwingine anayestahili afungue. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu, likagonga mwamba, likapanda Mahakama ya Rufani, na Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kupitia mahakama. Kwa maneno mengine, pendekezo si ombi tu. Afrika Kusini ilipita njia inayofanana na hiyo mwaka 2016, pale Mahakama yake ya Katiba ilipoamua katika sakata la Nkandla, makazi binafsi ya Rais wa wakati huo, kwamba hatua zinazoagizwa na Mlinzi wa Umma haziwezi kupuuzwa hivi hivi, hata na Rais. Uamuzi ule ulipigiwa makofi dunia nzima. Wa kwetu ulikuwa umetangulia kugusa jambo hilo, kwa wanakijiji ambao hakuna kamera iliyowafuata.

Kwa hiyo jino lipo. Ila kuanzia kuchomwa nyumba hadi Tume kutamka lilichukua takriban miaka mitatu, na safari ya mahakama ikaongeza mingine. Tume yenyewe haikuigeuza kuwa desturi ile njia iliyofunguliwa na kesi hiyo. Jino lisilotumika halimtishi anayeandikiwa pendekezo, naye hujifunza upesi kwamba kukaa kimya hakuna gharama.

Hilo linatupeleka kwenye ushahidi wa upande mwingine, mahali ambapo Tume ilijibu haraka. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, wilayani Mufindi, polisi walipokuwa wakizuia shughuli za chama cha upinzani. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati yake. Tume, wakati huo chini ya Jaji Amiri Manento, ilichunguza kivyake na kutoa taarifa mwezi uliofuata: polisi walikiuka haki za binadamu na misingi ya utawala bora, na kamanda wa polisi wa mkoa hakuwa na mamlaka kisheria ya kuzuia shughuli ile. Taarifa hiyo haikumfunga mtu yeyote jela. Askari mmoja alikuja kuhukumiwa na mahakama miaka 15 mwaka 2016. Lakini taifa lilipata maelezo ya pili, yaliyoandikwa na chombo cha Katiba, ya kuweka kando ya maelezo ya wizara. Ndani ya wiki kadhaa Tume ilikuwa imefanya kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya, bila kung'ata mtu.

Linganisha na yaliyofuata. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013 ilianza kama vita dhidi ya majangili na ikaishia na vilio vya wananchi na wafugaji walioteswa. Iliyochunguza ni kamati ya Bunge chini ya James Lembeli. Mawaziri wanne wakaondoka Desemba, na mwaka uliofuata Rais akaunda tume ya majaji chini ya Jaji Hamisi Msumi. Mwaka 2023, kuangalia taasisi za haki jinai, ikaundwa tume ya Rais chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Novemba 2025, baada ya ghasia za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, ikaundwa tume nyingine ya uchunguzi chini yake. Sina shaka na hadhi ya majaji hao. Ninachoona ni mtindo: jambo likiwa zito kweli, nchi yenye tume ya kudumu kikatiba huunda tume ya muda. Tume ya muda hupewa hadidu za rejea na aliyeiunda, humkabidhi yeye taarifa, kisha huvunjwa, na hakuna ofisi inayobaki kuuliza baada ya miezi 6 yametekelezwa mapendekezo mangapi. Tumerudi kwa mlango wa nyuma kwenye kasoro ya mwaka 1966.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linahusu uhuru. Makamishna huteuliwa na Rais, baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi. Katiba inasema Tume itafanya kazi bila kuingiliwa, kisha ibara ya 130 inamruhusu Rais kuipa maagizo au maelekezo akiona maslahi ya taifa yanataka hivyo. Tume haina mamlaka ya kumchunguza Rais wa Muungano wala wa Zanzibar. Fedha zake, Fungu 55, hupita bungeni pamoja na bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria. Na kwa sehemu kubwa ya 2018 na 2019, baada ya muda wa Bahame Tom Nyanduga na wenzake kwisha, ilibaki bila makamishna, hadi Jaji Mathew Mwaimu alipoteuliwa Septemba 2019. Ofisi ilikuwepo na watumishi walikuwepo. Wenye kiti ndio hawakuwepo. Ningependa ibara hiyo ya maagizo ifutwe, na ningependa sheria iseme kwamba kamishna haondoki kitini mpaka mrithi wake aapishwe. Ila nakataa kuamini kwamba hayo yakirekebishwa kazi imekwisha. Uganda iliipa tume yake, kwa Katiba ya 1995, uwezo wa kihakimu: inaamuru mtu aachiwe, inaamuru fidia. Madeni ya fidia ambazo serikali haijalipa yamekuwa wimbo wa taarifa zake kwa miaka. Wana meno na bado mlalamikaji anasubiri. Kenya, kwa upande wake, ilijijengea heshima kwa kuhesabu. Tume yake ya haki za binadamu ilitoa taarifa mwaka 2008 juu ya vijana waliouawa katika msako dhidi ya kundi la Mungiki, na wakati wa maandamano ya Juni 2024 ilitangaza idadi ya waliokufa huku serikali ikitaja idadi ndogo zaidi. Haikuamuru mtu alipwe shilingi. Ilisema idadi kwa sauti wakati idadi ilikuwa inabishaniwa, na kesho yake ikaisema tena.

Atakayesema nchi haina fedha za kufungua ofisi kila mkoa amesema kweli, na mashirika na wasaidizi wa kisheria wanajaza pengo kadiri wawezavyo. Lakini milango mingine imepungua. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika, ambayo ukumbi wake uko Arusha, ndani ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilirekebishwa, ikimtaka anayekwenda mahakamani aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi, na hivyo ikawabana waliokuwa wakiwafungulia wengine kesi. Asiyejua kuandika hati ya kiapo, wa Kabwe au wa Kasanga, amebakiwa na milango michache ambako mtu mwingine anaruhusiwa kumsemea. Tume ni mmojawapo, na haitozi ada. Miaka ya 1960, kwa barabara za wakati ule, makamishna waliweza kufunga safari za mikoani. Leo kuna lami hadi Sumbawanga, kuna simu mwaloni, na bandari ya Kabwe imejengwa upya. Kikao cha siku tatu kwa mwaka pale Namanyere, na siku moja mwaloni, hakihitaji jengo. Kinahitaji ratiba inayotangazwa mapema, karani anayeandika, na orodha inayobandikwa ukutani mwaka unaofuata: malalamiko yaliyopokelewa, ofisi iliyoandikiwa, tarehe ya kuandikiwa, tarehe ya jibu. Safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu kwa mwaka mzima, kifungu cha 28 kinajua la kufanya.

Orodha hiyo itawasumbua wakubwa kuliko amri yoyote ya fidia. Mgogoro wa shamba la Malonje kati ya wanavijiji na mwekezaji, juu pale Sumbawanga, umesemewa katika mikutano mingi kwa miaka mingi, na ahadi nyingi zimetolewa kwa mdomo. Ahadi ya mdomo haina tarehe.

Mpaka orodha kama hiyo ianze, mzigo umemwangukia mlalamikaji, nawe msomaji wa Nkasi, Kalambo au Sumbawanga huenda ukawa mmoja wao. Ukiandika kwa Tume, taja ofisi unayoilalamikia na ulichonyimwa, weka tarehe, baki na nakala, na omba upewe namba ya jalada. Miezi mitatu ikipita kimya, andika tena ukiitaja namba hiyo, na nakala nyingine mpelekee mbunge wako.